Picha Niliyoiruka

Katika mtaa mzima wa Gikondo, hapa Kigali, katikati ya magereji, maghala na makanisa yake mengi, hakuna mtu aliyeyajua makanisa ya kale ya Uingereza kunishinda. Cheo hicho sikukigombea. Nilikipata kwa kuishi mwaka mmoja katika chumba cha kupanga ambacho dirisha lake lilitazama kanisa la kijiji, na kwa kurudi nyumbani na picha nyingi za kuta kuliko za watu. Shahada niliyoifuata huko ilihusu elimu ya vijijini. Hakuna mtu Kigali aliyewahi kuniuliza habari za elimu ya vijijini. Habari za lile kanisa niliulizwa mara moja tu, mbele ya kikao, nikajibu vizuri hadi nikapigiwa makofi. Makofi hayo bado nayasikia, na si kwa furaha.

Inanibidi nianze na kanisa jingine, la baba yangu.

Nasema la baba kwa sababu yeye ndiye aliyelijenga. Baba ni mwashi. Kazi hiyo alijifunza Karagwe, Tanzania, tulikoishi ukimbizini na mimi nikazaliwa, na tuliporudi Rwanda katika miaka ya tisini alirudi na mwiko wake, timazi yake, na hakika kwamba nchi nzima ilikuwa imekaa ikimsubiri. Waumini waliorejea kutoka Tanzania na Uganda walikuwa wanasali chini ya turubai, kwenye mteremko ambao mvua ikinyesha mahubiri yalihamia kwa aliyesimama juu zaidi. Mjane mmoja jirani akawapa kipande cha shamba lake. Baba na wenzake wakafyatua matofali, wakayachoma, wakajenga ukumbi wa kusalia wenye madirisha manne kila upande na mlango mmoja mpana. Sehemu ya madhabahu waliiacha kwanza. Waliezeka walichokuwa nacho, wakaingia.

Miaka michache baadaye walipotaka kuongeza hiyo sehemu ya madhabahu, wakakuta tatizo. Mti wa parachichi wa yule mjane ulikuwa umesimama pale pale kona ya ukuta ilipotakiwa kuangukia.

"Mukecuru," baba alimwambia, kama tunavyomwita mama mzee kwa heshima hapa kwetu, "mti wako umesimama mahali pa Mungu."

"Mungu ana mahali pengi," mama yule akamjibu. "Mti wangu una hapo tu."

Ilikuwa kweli. Matunda ya mti ule ndiyo yaliyomlisha. Baba alirudi kwenye msingi, akang'oa vigingi, akasogeza kamba. Ukumbi ukabaki unaelekea mashariki ulikoelekea, na madhabahu yakageuka kidogo kushoto, kama mtu anayempisha mwenzake kwenye njia nyembamba. Ukisimama mlangoni ulimwona mchungaji, lakini msalaba ukutani nyuma yake ulikuwa umejificha nusu. Watoto wa Shule ya Jumapili waliamini kwamba Mungu anachungulia.

Kisha mti ukazeeka ukaanguka wenyewe, na mjane naye akafariki. Kilichobaki ni kupinda kusiko na sababu, na wageni wakawa wanadhani fundi alikuwa amelewa.

Mimi sikuwa mgeni, lakini nilikuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili chuo kikuu, hali ambayo ni mbaya zaidi. Nilirudi likizo na kumwambia baba, kwa sauti ya mtu anayeleta habari kutoka makao makuu: "Baba, kanisa lako limepinda."

"Najua," alisema. "Nilikuwepo."

*

Miaka mingi baadaye, nikiwa na nywele chache na mke mvumilivu, nilipata nafasi ya kwenda kusoma Uingereza. Vyumba vya mjini vilinishinda bei, nikapanga kijijini, kwa bibi mmoja aliyekuwa na paka na masharti. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na kanisa.

Kwa wiki mbili nililitazama kupitia dirishani bila kuingia. Lilikuwa la mawe ya gumegume, meusi, yaliyopasuliwa yakang'aa kama vipande vya chupa, na mnara mfupi mpana uliokaa kama mtu aliyechoka kusimama. Siku niliyoingia ilikuwa kwa sababu ya baridi. Ndani niligundua kwamba hapo ndipo baridi ilipokuwa inaishi. Ile ya nje ilikuwa imetoka kutembea tu.

Mwenye funguo alikuwa mwalimu mstaafu, mwanamke mrefu mwenye masweta mawili na sauti ya kuita wanafunzi kutoka uwanjani. Aliniuliza natoka wapi. Nikamwambia. Akaniuliza kama nina dakika kumi. Nilikuwa na mwaka mzima.

Nilitegemea kuona jengo moja. Yule mama akanionyesha kwamba nilikuwa nimeingia kwenye mabishano marefu ya watu waliokwisha kufa. Nguzo za upande wa kulia zilikuwa za mviringo, nene, na za kushoto zilikuwa na pembe nane, kwa sababu upande wa kushoto uliongezwa na wajukuu wa wajukuu wa waliojenga upande wa kulia, na hao wajukuu walikuwa na mawazo yao. Dirisha moja lilikuwa na tao la duara, la pili tao lililochongoka, la tatu lilikuwa karibu la mraba. Kwenye ukuta wa kaskazini palikuwa na mlango uliozibwa kwa mawe, umbo lake bado likionekana wazi kama kovu la chanjo. Karibu na madhabahu kulikuwa na ngazi ndani ya ukuta, ngazi nzuri ya mawe iliyolika katikati kwa kukanyagwa, iliyopanda na kuishia hewani. Zamani iliongoza kwenye jukwaa la mbao, akasema. Jukwaa lilibomolewa, ngazi ikaachwa.

"Kwa nini hawakuiondoa?" nikauliza.

"Ingemzuia nani?" akanijibu.

Hata nje, kwenye uso wa mnara, kulikuwa na mstari mrefu wa pembetatu, alama ya paa la zamani lililokuwa na mteremko mkali kuliko la sasa. Hakuna aliyejisumbua kuufuta. Kila kizazi kilikuta kanisa, kikaongeza chake, kikaacha cha wenzake. Niliyaandika haya yote kwenye daftari, kwa mwandiko mzuri, na kama daftari lingeweza kunifundisha kitu ningerudi nyumbani nimeelimika.

Mwisho yule mama akanisimamisha mlangoni, katikati kabisa, akaniambia nitazame mbele.

Madhabahu yalikuwa yamepinda kushoto.

Si sana, lakini jicho lililokulia Gikondo liliona papo hapo. Dirisha kubwa la mashariki lilikuwa limejificha nusu nyuma ya nguzo. Nikauliza kwa nini. Akasema wapo wanaodai ni ishara ya kichwa cha Yesu kilivyoinama msalabani. Wapo wanaodai mafundi walipima vibaya. Yeye mwenyewe alidhani kulikuwa na kitu pale ambacho hawakutaka kukigusa, na kitu hicho hakipo tena.

Nilitoka nje kwenye baraza la mlango, penye mabenchi ya mawe, nikampigia baba simu.

"Baba, nimeona kanisa lako."

"Liko wapi?"

"Huku. Limepinda. Upande ule ule."

Nikasikia kicheko chake, kile cha kukohoa, kikiendelea hadi nikaanza kuhesabu dakika zangu za simu. Alipotulia akawa mwashi.

"Limepinda kwa kiasi gani?"

"Kidogo. Linaonekana."

"Sijakuuliza linaonekana. Nimekuuliza kiasi gani. Una kamba?"

Sikuwa na kamba. Yule mama akanitafutia, uzi mrefu wa kufungia maua. Hivyo basi, mtu mzima, mwanafunzi wa shahada ya uzamili, nikapiga magoti katika kanisa la Kiingereza nikiwa na simu iliyobanwa kati ya sikio na bega, nikitii amri kutoka Kigali.

"Funga mwisho mmoja mlangoni, katikati. Umefunga? Sasa tembea nao mbele. Upitie katikati ya lile tao. Usiangalie madhabahu, angalia kamba. Vuta! Usiiache ilegee. Kamba iliyolegea inasema uongo."

"Nimevuta, baba."

"Imegusa wapi ukutani?"

"Kulia kwa dirisha."

"Kutoka hapo hadi katikati ya dirisha, hatua ngapi?"

Nikapima. "Moja. Pungufu kidogo."

"Langu ni moja na nusu," alisema baba, na sikuwahi kumsikia na furaha kama hiyo tangu siku niliyooa. "Waambie hao Waingereza langu limezidi."

Nikamtafsiria yule mama. Alikuwa ameshika mwisho wa uzi mlangoni bila kuambiwa. Akasema nimpe baba pongezi zake.

"Na walikuwa wanakwepa nini?" baba akauliza.

"Hakuna anayejua. Ni zamani mno."

"Alikuwepo mtu na mti wake," akasema. "Hilo jengo lina umri wa miaka mingapi?"

"Karibu mia nane."

"Na bado lipo," akasema. Kisha akaniambia nifungue uzi niurudishe, si mali yangu.

Nilipiga picha kutoka pale mlangoni, nikiwa nimechuchumaa, uzi ukiwa bado umenyooshwa. Ni picha nzuri. Pengine ndiyo picha pekee nzuri niliyowahi kupiga.

*

Niliporudi, kanisa la Gikondo lilikuwa limefikiwa na ukaguzi. Siwalaumu wakaguzi. Majengo ya ibada yanatakiwa kuwa na vyoo vya kutosha, kinga ya radi, milango ya dharura na dari la kuzuia kelele, na sisi tulikuwa na kwaya tatu na mlango mmoja. Ilibidi kufanya kitu. Ikaundwa kamati ya ujenzi, na kwa kuwa nilikuwa nimetoka Uingereza nikaingizwa bila kupigiwa kura. Swali la kamati lilikuwa moja: tulitengeneze na kuliongeza lililopo, au tulibomoe tujenge upya?

Baba hakuwa kwenye kamati. Alikuwa mwaminifu wa benchi la nyuma, karibu na mlango, mahali ambapo aliweza kuona jinsi jengo lake linavyopinda. Lakini kikao kikubwa kilikuwa cha waumini wote, Jumapili baada ya ibada, na mimi nilipewa nafasi ya kuonyesha picha za "makanisa ya mfano". Moja tu nililijua, lakini nilikuwa na picha zake thelathini.

Asubuhi ya siku hiyo nilimpitia baba nyumbani. Alikuwa amevaa koti lake la kahawia, lile ambalo huvaa harusini na kortini, na anapaka viatu rangi.

"Ile picha ya kamba," aliniuliza bila kuinua kichwa. "Ipo?"

"Ipo. Ni ya kumi na nne."

"Uwaonyeshe." Akageuza kiatu upande wa pili. "Uwaambie ulichoniambia. Mimi nikisimama watasema mzee anatetea kazi yake. Wewe umesoma. Wewe watakusikiliza."

"Nitawaambia, baba."

"Sitaki waliache kama lilivyo. Vyoo wajenge. Milango watoboe. Waongeze hata upande mzima kama wale wa nguzo za pembe nane. Wasiling'oe tu."

Hiyo ndiyo siku pekee katika maisha yangu ambayo baba aliniomba kitu. Alikuwa amenilipia shule kwa matofali, na alichotaka kulipwa ni picha moja.

Kikaoni alizungumza kwanza injinia. Alikuwa dada wa miaka thelathini na kitu, mtaratibu, mwenye kofia nyeupe ya ujenzi aliyoiweka mezani mbele yake kama Biblia. Alieleza nyufa, alieleza mabati, alieleza maji ya mvua. Kila alichosema kilikuwa kweli. Kisha akatabasamu.

"Na kuhusu hii sehemu ya madhabahu," akasema, "nilipoweka kipimo changu mara ya kwanza nilidhani kifaa kimeharibika. Nikakirudisha dukani."

Kanisa zima likacheka. Kiongozi wa kwaya, muuza vipuri aliyekulia Kampala na mwenye tumbo la kuchekea, alipiga benchi kwa kiganja. "Injinia, si kifaa! Ni sisi! Sisi ndiyo tumeharibika!"

Nilicheka pia. Nikageuka nyuma nikamwona baba anacheka, kwa adabu, kama unavyocheka ukweni.

Injinia alingoja watulie, akauliza, na nakumbuka maneno yake: "Kabla sijaendelea. Kuna mtu yeyote anayejua sababu ya ukuta huu kuwa hivi? Au sababu ya kuubakiza?"

Alikuwa anauliza kweli, kwa heshima. Waliojua habari ya mjane na mti wake walikuwa wawili au watatu, wazee, na wote wakanitazama mimi, kwa sababu mtoto wa fundi alikuwa mbele, amesimama na kompyuta, na ana shahada. Nikasema, "Labda nianze na picha."

Nilianza. Na hapa lazima niseme ukweli kwamba nilikuwa mzuri. Nilieleza matao, nilieleza mbao za paa, nilieleza jinsi mwanga unavyoingia kwa dirisha refu na kuanguka sakafuni kwa rangi. Wamama waliacha kujipepea. Watu waliotaka kwenda kula chakula cha mchana walikaa. Nilisikia sauti yangu ikirudi kutoka kwenye mabati na nikaipenda. Picha ya kumi na tatu ilikuwa mnara, umepigwa kutoka chini, mawe meusi dhidi ya wingu jeupe.

"Iyo!" alisimama kiongozi wa kwaya. "Iyo mnara! Mchungaji, sisi tunataka hiyo!"

Wakapiga makofi. Mchungaji akapiga makofi. Injinia aliinua kalamu akaandika kitu. Na mimi, kidole kikiwa juu ya kitufe, nikajua kinachofuata ni nini: mtu mzima amepiga picha ya ukuta uliopinda, na uzi wa maua sakafuni. Nikaona jinsi watakavyocheka. Nikaona injinia akigeuka kunitazama, na macho yake yakijumlisha mambo mawili, mtoto na baba yake. Nikajiambia nitairudia baadaye, wakishatulia. Nikabonyeza mara mbili.

Ya kumi na tano ilikuwa kengele. Makofi tena.

Sikuirudia. Nilifika ya thelathini, nikasema asante, nikakaa. Kura ya kubomoa ilipigwa kwa kuinua mikono, na mikono ilikuwa mingi. Sikutazama nyuma kuona ya baba. Tulipotoka alinishika bega akasema, "Umeongea vizuri, mwanangu," na kwa miezi kadhaa nilichagua kuamini kwamba alimaanisha hilo tu.

*

Ubomoaji ulifanywa na waumini wenyewe, Jumamosi, kwa namna ya umuganda, ile kazi yetu ya pamoja ya kujitolea. Vijana walikuja na nyundo kubwa na hamu. Baba alikuja na mwiko na nyundo ndogo, akawasimamisha.

"Hamwezi kuvunja nyumba kama mnaua nyoka," akawaambia. "Anzeni pale nilipomalizia. Tofali la mwisho kupanda ndilo la kwanza kushuka."

Wakamtii. Akasimamia kazi ya kuondoa kazi yake, mstari kwa mstari, akikosoa waliopasua tofali zima. Wale waliokuwa wamemcheka hawakucheka siku hiyo. Walipofika kwenye kona, kona ile, aliwaambia wampishe akaishusha mwenyewe. Mimi nilikuwa nabeba matofali kwenye toroli, vibaya, nikijua watu wananionea huruma kwa sababu ya mikono yangu ya kuandikia. Aliyasugua matofali yake udongo ukatoka, akayapanga. Aliomba apewe yaliyobaki mazima, na kamati ikakubali bila mjadala. Tuliyasafirisha kwa lori dogo hadi Gahanga, alikokuwa na kiwanja na mbuzi wanne.

Kanisa jipya ni zuri. Nasema hivyo bila kejeli, au kwa kejeli kidogo. Lina vyoo, lina milango, watu mia sita wanakaa bila kuminyana, na limenyooka kama rula kutoka mlangoni hadi msalabani. Mnara upo pia. Ni wa matofali ya saruji, umepakwa rangi ya kijivu na kuchorwa mistari myeupe ili ufanane na mawe. Kengele haikupatikana, na spika za nje hazikuruhusiwa kwa sababu ya kelele, kwa hiyo mnara ukakaa mtupu mwaka mzima, hadi fundi bomba aliposema ni mahali pazuri pa kuweka tangi la maji. Nilipigania tao la dirisha la mnara lichongoke, na limechongoka. Kwa hiyo hapa Gikondo, kwa juhudi zangu, tuna tangi la maji lenye dirisha la Kiingereza.

Ulikuwa mwaka huu, siku ya kuzindua tangi hilo, nilipojikuta nimekaa na yule injinia, sahani za pilau magotini. Alikuwa anatazama mnara kwa uso wa daktari anayemtazama mgonjwa aliyekataa ushauri.

"Nilikuwa na ramani mbili," akasema.

"Ramani gani?"

"Siku ile ya picha zako. Moja ya kubomoa. Nyingine ya kuacha lile la zamani liwe bawa la upande, nijenge jipya kwa kulizunguka. Ukuta ulikuwa mzima, ujue. Nyufa zilikuwa kwenye plasta. Aliyeujenga alijua kazi." Alitafuna kwanza. "Lakini sikuwa na sababu ya kuwaambia. Kupinda vile, bila sababu, kamati ingeniuliza kwa nini nalinda kosa. Niliuliza kama kuna anayejua. Unakumbuka niliuliza?"

"Nakumbuka."

"Hakuna aliyejua," akasema.

Nikamweleza. Nilimweleza yote, mjane, parachichi, uzi wa maua, mia nane, huku pilau ikipoa. Alinisikiliza hadi mwisho. Hakukasirika, ingekuwa nafuu angekasirika. Aliuliza kitu kimoja tu, kwa udadisi wa kazi: "Na hiyo picha ulikuwa nayo siku ile?"

*

Jumapili iliyofuata nilichukua pikipiki hadi Gahanga, picha ikiwa ndani ya bahasha. Nilikuwa nimeichapisha kubwa. Njiani nilitunga hotuba, maana hivyo ndivyo nilivyo, na dereva aliponiuliza mara mbili kama naongea naye nikanyamaza.

Baba alikuwa anajenga banda la mbuzi. Matofali yale ya kanisa yalikuwa yamepanda hadi usawa wa goti, mekundu, yamepangwa kwa ustadi ambao mbuzi wale hawakuustahili. Ana miaka sabini na zaidi sasa, na hupumzika kila baada ya mstari. Nilimwamkia, nikasimama nikilitazama banda.

Lilikuwa limenyooka. Kila kona mraba kamili, kila mstari sawa na pimamaji. Upande mmoja kulikuwa na jiwe kubwa ambalo mtu yeyote angelikwepa. Alikuwa amelichimba akaling'oa, shimo lake bado bichi.

"Umelitoa jiwe lile peke yako?" nikauliza.

"Siku tatu." Akafuta jasho. "Hili halina hata nukta iliyokwenda kando. Injinia wenu akipita huku asipate la kuchekea."

Alisema kwa mzaha. Nilifungua bahasha nikampa picha. Aliishika mbali na uso kama wazee wanavyofanya, akaitazama muda mrefu: mlango, nguzo, uzi, dirisha lililojificha.

"Baba, siku ile niliiruka."

"Najua." Hakuondoa macho kwenye picha. "Kulikuwa na namba pembeni. Kumi na tatu, halafu kumi na tano. Kuhesabu najua."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Ungelazimika kunijibu." Akageuza picha akaangalia nyuma yake, kama kuna maandishi. Hakukuwa na kitu. "Mama yule aliyeshika uzi yu hai?"

"Sijui. Sikumwandikia tena."

"Mwandikie," akasema. "Umwambie letu halipo. Lao sasa ndilo limezidi."

Alirudisha picha ndani ya bahasha kwa uangalifu, akaiingiza ndani ya shati, kifuani, na nikajua kwamba sitapata nafasi ya kutoa ile hotuba. Hakuna mahali ilipokuwa inahitajika. Aliinama, akaokota kamba ya kujengea, akanitupia mwisho mmoja.

"Nenda kona ile. Pale. Sogea kushoto, kidogo, hapo hapo. Sasa vuta."

Nikavuta.

"Bado imelegea."

Nikavuta zaidi, kwa mikono yote miwili, hadi kamba ikaanza kuniuma kwenye vidole, na yeye akachuchumaa upande wa pili, jicho moja limefumbwa, akiangalia kama ninashikilia sawasawa.